Bati kabla ya serikali: diaspora inavyojenga nchi iliyotoka vitani

Ukitaja diaspora hapa Dar es Salaam, wengi humwona Mtanzania wa Houston au Reading anayejenga nyumba Goba kwa simu, huku shemeji yake akisimamia mafundi na kula nusu ya saruji. Picha hiyo ni ya kweli, lakini inatusahaulisha kwamba jiji hili nalo ni ughaibuni kwa watu wengine. Kwa Mkongo anayefunga mzigo Kariakoo, kwa Mrundi aliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba akahamia Mbagala, kwa Msomali mwenye duka Ilala, ng'ambo ni hapa hapa. Na nchi zao, au za wazazi wao, ndizo zinazotajwa kila mara wafadhili wanapokaa kuzungumzia ujenzi mpya baada ya vita.

Dar imezoea kuwahifadhi watu wanaosubiri kurudi kwao. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa hapa Juni 1962, na Eduardo Mondlane, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse kule Marekani, aliacha kazi yake akaja kuiongoza, hadi bomu la kifurushi lilipomuua hapa hapa tarehe 3 Februari 1969. Laurent Kabila alikaa Tanzania miaka mingi kabla ya kuingia Kinshasa kama rais wa Kongo mwaka 1997. Mwanawe Joseph alisoma shule huku kwetu, na alipochukua urais mwaka 2001 akiwa na miaka 29, wapinzani hawakuchelewa kumsema kwamba Kilingala, lugha ya Kinshasa, kinampiga chenga. Kwa hiyo tunaweza kulitazama suala hili kwa karibu kuliko wenzetu wengi.

Swali lenyewe ni hili: nchi inapotoka vitani, watu wake walio nje wanasaidia nini hasa? Kwenye majukwaa utasikia kwamba diaspora ni hazina ya taifa. Vijiweni utasikia kwamba wanatuma hela za kula tu na kurudi Krismasi kujionyesha. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kilichopotea katikati ni njia ambazo msaada huo unapitia.

Hela inayofika kwanza

Bunduki zikinyamaza, hela ya kwanza kufika kijijini haitoki serikalini. Mara nyingi hata serikali yenyewe haipo, au ipo mji mkuu ikigombania viti. Inayofika ni ya mtoto aliye Toronto, ya mjomba aliye Nairobi, ya binti anayeuza vitenge Dar.

Chukua familia ya kawaida yenye mama Uvira, mashariki mwa Kongo. Kaka mkubwa yuko Kanada, mdogo wake yuko Dar. Kikundi cha ukoo kwenye WhatsApp kinaanza kuzungusha orodha, na mtindo wake kila mtu hapa mjini anaujua kwa sababu ndio ule ule wa misiba na harusi: jina, ahadi, alichotoa, alama ya tiki. Kaka anatuma hela Dar, si Uvira. Mdogo mtu anakwenda kununua bati, geji 28 kama mfuko unaruhusu, geji 30 kama hauruhusu, na misumari na bawaba, kisha anatafuta nafasi kwenye lori la Kigoma. Kutoka Kigoma mzigo unavuka Ziwa Tanganyika kwa boti. Kwa nini asitume taslimu moja kwa moja? Kwa sababu hela mkononi mwa mama ina wenyewe wengi: mgonjwa wa jirani, ada ya mpwa, askari wa kizuizini. Bati likishapigiliwa juu ya kenchi, hakuna anayekuja kulikopa.

Huo ndio ujenzi mpya wa baada ya vita kwa sura yake halisi, na hauonekani kwenye ripoti yoyote ya hazina. Haujengi barabara wala mahakama. Unarudisha watu chini ya paa, na mtu asiye na paa hawezi kulima msimu unaofuata. Ndiyo maana huwa sielewi wataalamu wanaobeza fedha za diaspora kwa kusema zinaishia kwenye matumizi ya nyumbani badala ya uwekezaji. Baada ya vita, mahindi ya kupanda na ada ya shule ndiyo uwekezaji wenyewe.

Somalia ndiyo darasa kubwa katika hili. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na kwa miaka mingi baadaye hapakuwa na benki kuu wala benki ya kawaida. Hata hivyo hela ziliingia kwa hawala. Mtu anampa wakala wa London au wa Eastleigh, Nairobi, dola 200 na jina la mpokeaji. Wakala anawasiliana na mwenzake wa Hargeisa au Beledweyne, na mama analipwa siku hiyo hiyo akitambulishwa kwa jina, ukoo na simu. Noti zenyewe hazijasafiri. Mawakala wanadaiana, na deni hulipwa kwa njia nyingine: fedha zilizokusanywa hupelekwa Dubai, zinanunua mchele, nguo na simu, bidhaa zinapakiwa kwenda Berbera au Mogadishu, zinauzwa, na mauzo ndiyo yanayomlipa mama. Kwa mpango huo mmoja unapata benki, biashara ya nje na mgao wa chakula, bila waziri wa fedha. Kufikia mwaka 2013 makadirio yalionyesha takriban dola bilioni 1.3 zikiingia Somalia kila mwaka kwa njia hizi, kiasi kilichozidi misaada ya kibinadamu.

Ukuta wa mfumo huu ni uaminifu, na ukuta huo unaweza kubomolewa na mtu aliye mbali kabisa. Novemba 2001 Marekani iliifunga al-Barakaat, kampuni kubwa kuliko zote za hawala nchini Somalia, kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Wachunguzi wa tume ya Marekani yenyewe, ile iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, baadaye hawakupata ushahidi wa tuhuma hizo, lakini familia zilikuwa zimeshakatiwa mrija. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma fedha, Dahabshiil ikiwemo. Mwanariadha Mo Farah alijiunga na waliopinga hatua hiyo, na Dahabshiil ilikwenda mahakamani kuomba zuio. Katika visa vyote viwili uamuzi ulifanyika ofisini, Washington na London, na njaa ikaonekana Baidoa.

Kutoka bati hadi hospitali

Kuna hatua ya pili, pale fedha zinapotoka kwenye familia na kuingia kwenye jambo la wote. Hapa ndipo Somaliland, eneo la kaskazini lililojitenga na Somalia, inapopaswa kutazamwa, hata kama dunia haijaafikiana kuhusu hadhi yake. Mji wa Hargeisa ulisagwa mwaka 1988 na ndege za serikali ya nchi hiyo hiyo, zikirukia uwanja wa mji ule ule. Watu walikimbilia Ethiopia, wengine wakafika Ulaya na Amerika. Vita vilipoisha wakaanza kuchanga. Chuo Kikuu cha Amoud kilifunguliwa Borama mwaka 1998 kwa nguvu za wazee wa mji, wafanyabiashara na wenyeji walio nje. Edna Adan Ismail, mkunga aliyewahi kufanya kazi Shirika la Afya Duniani, aliweka akiba yake na mali alizouza kwenye hospitali ya uzazi aliyoifungua Hargeisa mwaka 2002. Leo hospitali hiyo inafundisha wakunga.

Walichanga kwa sababu walijua anayepokea ni nani. Mchangiaji wa Cardiff hakuwa akiipa hela serikali. Alikuwa anampa mzee anayemjua kwa ukoo wa pande zote mbili, ambaye akiila fedha hiyo, habari itafika Cardiff kabla ya Ijumaa. Aibu ilifanya kazi ya mkaguzi wa hesabu.

Lakini nguvu hiyo ina kasoro yake. Fedha za ukoo hujenga ukoo. Mji wenye watu wengi ng'ambo unapata chuo na zahanati, na kijiji kisicho na mtu nje kinabaki na magofu. Wabantu wa Somalia ni mfano unaotugusa moja kwa moja, maana baadhi yao ni wazao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka huku kwetu karne ya 19. Vita vilipoanza wao ndio waliovamiwa mashambani kando ya mto Juba, na karibu hawakuwa na ndugu yeyote London wala Minneapolis wa kuwatumia chochote. Wengine waliamua kurudi walikotoka mababu, na leo wapo Chogo, wilayani Handeni, wakizungumza Kizigua. Ukiona takwimu ya mabilioni ya dola yanayoingia nchi fulani, uliza yanaingia kwa nani.

Hela hiyo hiyo, risasi

Kwa kuwa hela hufuata uaminifu wa ukoo, inaweza kwenda kujenga na inaweza kwenda kupigana. Wachumi Paul Collier na Anke Hoeffler, walipochambua vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi nyingi, waligundua kwamba nchi yenye diaspora kubwa Marekani ilikuwa na hatari zaidi ya kurudi vitani. Wapiganaji wa Kitamil wa Sri Lanka waliendesha sehemu kubwa ya vita vyao kwa michango ya watu wa Kanada na Ulaya, mingine ya hiari, mingine ya kulazimishwa. Aliye mbali anabaki na hasira ya siku aliyokimbia, na bomu likianguka halianguki kwake.

Anayeonyesha sura zote mbili kwa pamoja ni Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Mwaka 2009, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, alikiri kwamba alitoa dola 10,000 mwaka 1990, akiwa Marekani, wakati uasi wa Charles Taylor ukianza, akaomba radhi kwa kudanganywa na mtu huyo. Tume ikapendekeza azuiwe kushika madaraka kwa miaka 30. Wakati huo alikuwa tayari rais, amechukua nchi iliyochakaa Januari 2006, na uzoefu wake wa Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa ulisaidia sana Liberia kusamehewa madeni. Ukitaka kugawa diaspora kwenye makundi ya wema na wabaya, yeye utamweka wapi?

Serikali nazo zimejaribu kuweka mkono kwenye mkondo huu. Eritrea inawatoza raia wake walio nje asilimia 2 ya kipato, na asiyelipa anajua kitakachompata akihitaji hati ubalozini. Mwaka 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2023, lililaani matumizi ya kodi hiyo kuivuruga Pembe ya Afrika. Rwanda ilichagua njia laini zaidi: Agosti 2012, wafadhili walipokuwa wamekata misaada, ilizindua Mfuko wa Agaciro na kuwaomba wananchi wa ndani na nje wachangie. Kuomba kunahitaji uaminike, na kutoza kunahitaji uogopwe. Nchi nyingi zilizotoka vitani hazina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Anayerudi na aliyebaki

Mtu anaporudi na vyeti vyake, mambo yanabadilika. Mohamed Abdullahi Farmaajo alikuwa mtumishi wa idara ya uchukuzi ya jimbo la New York, mjini Buffalo, kabla ya kuwa waziri mkuu wa Somalia mwaka 2010 na rais mwaka 2017. Ashraf Ghani alitoka Benki ya Dunia akawa waziri wa fedha wa Afghanistan, kisha rais, na tarehe 15 Agosti 2021 akapanda ndege akaondoka huku Taliban wakiingia Kabul. Waliobaki hawasahau jambo la namna hiyo. Malalamiko yao hayahusu elimu ya waliorudi. Yanahusu pasipoti ya pili mfukoni: mambo yakiharibika, wewe una tiketi, sisi tuna handaki.

Nadhani malalamiko haya ni ya haki, ingawa mara nyingi hutumiwa na watu wanaotaka tu kulinda nafasi zao. Daktari aliyerudi na kulipwa mara kumi ya mwenzake aliyezalisha wanawake kwa mwanga wa kibatari miaka yote ya vita, amepandwa pale kama mwiba, hata awe na moyo wa dhahabu.

Rwanda waliorudi walishika nchi yenyewe. Watutsi waliokimbia kuanzia 1959 na watoto wao, inakadiriwa 700,000 au zaidi, waliingia baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakitokea Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Wengi wa viongozi wapya walikulia Uganda, wakizungumza Kiingereza. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Mwalimu aliyesomeshwa kwa Kifaransa maisha yake yote alijikuta anajifunza upya mbele ya wanafunzi wake.

Ugomvi wa shamba

Hata hivyo, ukiwauliza watu wa Ngara au Kasulu, watakwambia ugomvi wa kurudi haukuwa lugha. Ulikuwa ardhi.

Tarehe 19 Februari 1991 hapa Dar es Salaam marais wa kanda walitia saini azimio kuhusu wakimbizi wa Rwanda, na Rwanda ikakubali kwamba watu wake wana haki ya kurudi. Swali la mashamba yao likaachwa kwa mazungumzo ya Arusha. Itifaki ya Juni 1993 ilitamka kwamba mali ni haki ya kila mtu, kisha ikashauri kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai shamba lake ikiwa wengine wameshakaa, ili amani ipatikane. Serikali impe ardhi nyingine. Kwa watu wa 1959 hiyo ilikuwa na maana ya kusahau.

Kisha ikaja 1994. Wahutu wengi walikimbia, na mwishoni mwa Aprili watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Waliokuwa wakirudi wakakuta nyumba tupu, wakaingia. Mwishoni mwa 1996 wenye nyumba nao wakarudi kwa mamia ya maelfu. Upande wa mashariki, Kibungo na Umutara, serikali ikaamua shamba likatwe katikati, nusu kwa aliyerudi na nusu kwa aliyekuwepo. Hifadhi ya Akagera ikapunguzwa kwa karibu theluthi mbili mwaka 1997 ili watu na ng'ombe wapate pa kukaa. Ujenzi wa nchi kwa watu waliotoka nje ulilipwa kwa ardhi, na sehemu ya malipo hayo ilitoka kwa jirani.

Burundi mambo yalikwenda taratibu zaidi, na pengine machungu zaidi. Waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori na kuligeuza ghala la mahindi na tumbaku. Kule Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac, mashamba yao ya michikichi yalichukuliwa, mengine kwa maandishi ya serikali yenyewe. Miaka zaidi ya 30 baadaye Tanzania iliwapa uchaguzi: rudini au muwe raia. Wapo waliorudi, wakamkuta mtu shambani ana karatasi halali na wajukuu. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 mwanzoni ilipendelea kugawana, baadaye ikaegemea zaidi kumrudishia wa zamani shamba zima, na kila mwelekeo ulizalisha watu wenye uchungu. Takriban wanne kati ya watano walichagua Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 walipata uraia wetu, vyeti vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014, na ili kuvipata walitakiwa kuukana uraia wa Burundi.

Hapo sheria yetu inaingia moja kwa moja kwenye ujenzi wa nchi ya mwenzetu. Mtu wa Mishamo aliyeukana uraia wa Burundi bado ana shangazi Makamba, bado anachangia bati. Lakini hawezi kupiga kura kule, na kudai shamba la babu yake kumekuwa kugumu maradufu. Kwa Watanzania wetu walio nje, Bunge mwanzoni mwa 2025 lilipitisha mabadiliko ya sheria yanayowapa hadhi maalumu wale wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, ikiwemo nafuu katika kumiliki ardhi. Liberia iliruhusu uraia pacha mwaka 2022. Mjadala wa aina hiyo ungeweza kufanyika kati ya Dodoma na Gitega kuhusu watu wa Mishamo, na sioni kwa nini tuwafikirie zaidi watu wa Houston.

Halafu kuna waliokuja baadaye, waliowekwa kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma. Sheria haiwaruhusu kutoka nje ya eneo la kambi bila kibali, achilia mbali kuja Dar kufungua genge. Uganda, kwa sheria yake ya 2006, inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea, na mara nyingi huwapa kipande cha kulima. Mkimbizi wa Nakivale anaweza kuweka akiba na kumtumia mama yake Bujumbura. Wa Nyarugusu anasubiri mgao. Wote wanaitwa wakimbizi, ila mmoja anaruhusiwa kuwa diaspora.

Na hata anayeruhusiwa anakutana na makato. Kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa karibu asilimia 8, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 ifikapo 2030. Kati ya majirani wa Afrika ni ghali zaidi, na Tanzania imekuwa ikitajwa mara kwa mara na Benki ya Dunia miongoni mwa nchi ambako kumtumia jirani hela kunagharimu sana. Ndiyo sababu nyingine ya yule mdogo mtu wa Kariakoo kuwatafuta madereva wa Kigoma badala ya kwenda benki. Mwenye lori anamtoza kwa uzito, na akimjua vizuri, bawaba na misumari zinapanda bure.